Chupa za Kwanza Humwagwa

Nakumbuka jioni moja ya Ramadhani, mwanangu, nimekaa nyuma ya baiskeli ya Mzee Mutua, buibui nimelikunja mpaka magotini, namwomba Mungu jua lisizame. Ukinitazama leo, mama mzima ninayepanda tuktuk kwa kushikwa mkono, hutaamini. Lakini nilipanda, nikalia njia nzima, na kisa chenyewe kilikuwa chupa za maji.

Nakusimulia haya kwa kuwa nimesikia Jumatatu waanza kazi Msambweni, pale wanapojaza siki ya mnazi kwa mashine. Mama yako aniambia umeshafundishwa vitufe vyote. Hongera. Mimi nataka kukufundisha kitu kisicho na kitufe.

Siku hizo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika kiwanda kidogo cha maji ya kunywa, nyuma kidogo ya Kona ya Musa. Kiwanda chenyewe kilikuwa ghala la mabati tu, lakini ndani mlikuwa na mashine ya kujazia, na mimi ndiye niliyeiendesha. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilijivuna nayo utadhani nimeizaa. Nilikuwa nimepanga chumba Ukunda, na kila Ijumaa nilipokwenda kwetu Bongwe sikuwa na habari nyingine ila hiyo.

Nilimwambia babangu: chupa kumi na mbili huja kwa mkanda, zikasimama. Midomo kumi na miwili hushuka, kila mmoja na mpira wake, ikaziba shingo za chupa. Maji huingia, na hewa hutokea kwenye kijibomba chembamba kilicho katikati. Maji yakifika kwenye tundu la kile kijibomba hayapandi tena. Yanayozidi hupita humo humo, yakarudi tangini. Ndiyo maana chupa zote hutoka zimejaa mpaka mstari mmoja, hata kama moja ni nene kidogo na nyingine nyembamba. Babangu alikuwa mwadhini wa msikiti wa karibu na kwetu, mtu wa maneno machache. Alikuwa akimenya muhogo huku mimi nabwabwaja, wala sikujua kama anasikia.

(Na siki yako ni nyepesi kama maji, usije ukaisukuma kwa nguvu. Ukiongeza kasi ili umalize mapema hutoa povu, na povu likitulia chupa ina pengo. Haraka haraka haina baraka hata kiwandani.)

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa Mzee Mutua, Mkamba aliyekuja pwani akiwa kijana akazeekea hapa. Alikuwa Mkristo, lakini mwezi wa Ramadhani chakula chake cha mchana alikuwa akikilia nyuma ya ghala, kwenye mapipa, asije akatutamanisha. Sheria zake hazikuwa nyingi. Iliyokuwa kubwa ni hii: mashine ikishaoshwa kwa dawa, raundi tatu za kwanza humwagwa. Dawa yenyewe ilikuwa kali, na hata usuuze vipi, mabaki hujificha kwenye viungo vya mabomba. Tena mabomba yanakuwa bado yana hewa, na chupa hazijai sawa. Kwa hiyo raundi tatu, chupa thelathini na sita, zote mferejini.

Sheria hiyo ilinikera. Mwaka ule visima vya kwetu vilikuwa vimeshuka, na mamangu alipanga foleni na madumu tangu alfajiri. Nami nimwage maji yanayong'aa vile? Nikasema moyoni, huyu mtu wa bara hajui uchungu wa maji. Nilimsema hivyo Mkamba, mwanangu! Mtu ambaye kwao hufukua mchanga wa mto mkavu ili wapate kata moja. Ujinga wangu ulikuwa hauna mpaka.

Basi siku hiyo mashine ilikuwa imelala wiki nzima, pampu inatengenezwa. Mzee Mutua aliiosha mwenyewe asubuhi, akaniachia niisuuze na kumwaga za kwanza, akaenda kwenye kisima kuangalia mabomba. Nilipojaza raundi ya kwanza nikazitazama zile chupa. Nilikuwa nimefunga, na maji yalikuwa safi kama machozi. Nikakumbuka ubora wa kufuturisha waliofunga, nikaona nimepata thawabu ya bure. Nikazitia vifuniko zote, raundi tatu, nikazipanga kwenye kreti. Moja tu ilibaki, kifuniko kilikuwa kimepinda. Gari la kiwanda lilikuwa linapeleka maji Lunga Lunga, nikambembeleza dereva azungukie Bongwe kwanza.

"Mpe babangu pale msikitini," nikamwambia. "Mwambie ni sadaka ya futari kutoka kwa bintiye."

Nilishinda na furaha siku nzima. Kila mfanyakazi aliruhusiwa chupa mbili za kufungulia, nami nikatenga zangu, nikazitia mfukoni, ule mfuko wangu wa ukindu.

Ilipofika saa kumi na moja u nusu Mzee Mutua akaja, ameshika kofia.

"Mwanakombo, zile za kwanza ulimwaga wapi? Naona mfereji umekauka."

"Sikumwaga, mzee. Nimezitoa sadaka."

Akaangaza macho ghalani. Akaiona ile chupa yenye kifuniko kilichopinda, akaifungua, akachovya karatasi ya kupimia dawa. Karatasi ikageuka buluu iliyokoza. 

"Leo niliweka dawa mara mbili," akasema. "Hii inachoma mtu koo. Umepeleka wapi?"

Nikamwambia ni msikitini Bongwe, na hapo ndipo nilipoelewa. Vitu vya futari hufungiwa chumbani kwa mwadhini mpaka jua lizame, kwa hiyo watoto wasiofunga wasingezifikia zile chupa. Lakini jua likizama! Mtu aliyeshinda na kiu haonji funda la kwanza, hulimeza tu. Na babangu alikuwa na ada yake: Magharibi ikiingia hunywa funda moja la maji, ndipo huadhini. Wa kwanza kunywa angekuwa yeye.

Simu za mkononi hatukuwa nazo, gari lilikuwa limekwenda Lunga Lunga, mpakani, na hizi pikipiki zenu zilikuwa hazijajaa. Nikaanza kujieleza, kwamba nilikusudia mema, kwamba maji yalionekana safi. Mzee Mutua akatoa baiskeli yake.

"Panda," akasema.

Alikuwa na umri wa miaka sitini, mwanangu, na mimi sikuwa mwembamba hata wakati ule. Alikanyaga pedali, mfuko wangu wa ukindu unaning'inia kwenye usukani. Tulipofika kwenye mchanga gurudumu likazama, tukashuka, yeye akivuta mbele na mimi nikisukuma nyuma. Watu walikuwa wameshakaa barazani wakingojea adhana, wakatucheka. Mmoja akauliza kama Mzee Mutua ameoa. Siku nyingine ningemjibu nikampa na chenji yake.

Tulikuwa tumebakisha mashamba mawili hivi adhana iliposikika. Ilikuwa sauti ya babangu. Maana yake alikuwa ameshakunywa.

Nikakaa chini palepale mchangani. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilisikiliza kila neno nikingoja sauti ikatike. Sijawahi kusikiliza adhana namna ile, na namwomba Mungu anisamehe kwa kuwa sikuwa nasikiliza wito, nilikuwa nasikiliza koo la babangu. Ilikwenda, ikapanda, ikashuka, ikafika mwisho nzima, haina mkwaruzo. Mzee Mutua akanivuta mkono. Tukakimbia.

Babangu alikuwa amesimama mlangoni pa msikiti, kikombe cha bati mkononi. Wanaume wengine walikuwa wamekaa mkekani nje, wanakula tende, na katikati yao pana ndoo ya maji ya kisima. Chupa sikuziona hata moja.

"Shikamoo baba," nikasema, kwa maana hata mtu akifa mdomo wa mtoto wa pwani husalimia kwanza. "Zile chupa. Baba, umekunywa?"

"Marahaba. Zimo ndani, nimezifungia," akasema. Akanitazama mchanga niliojaa mpaka usoni. "Kila Ijumaa watwambia mashine yenu hujaza mpaka mstari mmoja, haizidi hata unywele. Leo naletewa chupa, hii imejaa mpaka shingoni, hii imeishia kifuani, na zote hazina jina la kiwanda. Nikasema, ama hizi si za binti yangu, ama mashine ni mgonjwa. Nikasema tunywe ya kisima, mwenyewe akija atatwambia."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zanitoka mbele ya wanaume wa msikiti mzima. Mwanangu, furaha ile sijui niiweke wapi. Babangu alikuwa hai mbele yangu, anatafuna tende. Porojo zangu zote za Ijumaa, nilizodhani zinapita na maganda ya muhogo, alikuwa amezisikia na kuzishika kuliko nilivyozishika mimi niliyezisema. Nikamweleza yote, sikuficha.

Akatema kokwa ya tende. "Kumbe mgonjwa si mashine," akasema, na wale wazee wakacheka, nami nikajua nimesamehewa.

Wakaenda kuswali. Waliporudi walimkaribisha Mzee Mutua mkekani, wakampa uji. Nilidhani mambo yamekwisha. Akanywa bakuli lake taratibu, akalimaliza, kisha akauchukua mfuko wangu kwenye usukani, akatoa zile chupa mbili. Zilikuwa na jina la kiwanda, zimejaa mpaka mstari.

"Mimi si Mwislamu, Mwanakombo, na dini yenu siwezi kukufundisha," akasema kwa upole. "Nauliza tu. Hizi zako ni za raundi gani?"

"Ya tano, mzee."

"Na zile ulizompa Mungu?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Nilipozitoa zile thelathini na tano sikujua kama zina sumu, hilo ni kweli. Lakini mbona zangu nilizichukua kwenye raundi ya tano? Mkono wangu ulikuwa unajua kitu ambacho mdomo ulikuwa haujakiri.

Nikampa babangu zile mbili. Akafungua moja, na badala ya kunywa akanimiminia mimi, akanipa na tende, kwa kuwa alikumbuka jambo nililolisahau: nilikuwa bado sijafungua. Sijapata kunywa maji matamu kama yale. Baadaye tukachimba shimo nyuma, mbali na kisima, nikamwaga zile nyingine moja baada ya moja, Mzee Mutua akinihesabia. Maji yakimwagika hayazoleki, wasema wahenga, na mimi usiku ule nilishukuru kwamba hayazoleki.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mashine za siku hizi zina macho, huitoa chupa iliyopungua kabla hujaiona, lakini nimeuliza na nimeambiwa kwamba za kwanza bado humwagwa. Wakikuambia mwaga, mwaga, hata kama wewe huoni kitu ndani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilitaka kuvunja la babangu. Na ukitaka kutoa, toa kwenye raundi ya tano. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Chupa moja nzuri uliyoitamani mwenyewe yapita kreti tatu za kitu ambacho kingetupwa. Ukikosea, sema haraka, tena panda hata baiskeli ya mtu ukaifuate kasoro yako mpaka ilipofika. Na nyumbani uwasimulie wazee kazi yako, hata wakiwa wanamenya muhogo.

Nenda salama. Mungu akujaze kheri mpaka kwenye mstari wako, asikupunguzie, na ikizidi airudishe kwa wenzako. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akujaalie ufike kabla hawajanywa.