Mshale wa Neeltje

Neeltje Kaan wa Wieringen, kisiwa cha zamani huko Uholanzi, hakuwa mwizi, wala hakuwa mwongo wa kupindukia. Alikuwa na bisibisi tu.

Bahari ya kusini ilikaushwa ikawa mashamba ya viazi kabla hajazaliwa, lakini hadi leo watu wa huko husema wako kisiwani, na anayekwenda mjini kununua viatu "anavuka", ingawa anachovuka ni viazi.

Zamani njia ya watembea kwa miguu ilipita chini ya dirisha lake la jikoni. Tangu mumewe afariki, dirisha hilo ndilo lililokuwa baraza lake: mara Wajerumani wenye fimbo, mara wachumba wanaogombania ramani. Kisha kamati ya njia ikaihamishia juu ya tuta la kuzuia bahari, ati kuna mandhari. Dirisha likabaki na kondoo, na kondoo hawana umbea. Upweke ulimuuma Neeltje, hata akawa anazungumza na birika.

Ndipo alipoanza kutoka alfajiri na bisibisi yake, anageuza mshale wa kibao kwenye njia panda uelekee nyumbani kwake. Wageni wakamiminika uani.

"Samahani mama, tuta liko wapi?"

"Mmeliacha nyuma, wanangu. Halikimbii hilo. Ingieni mnywe kahawa."

Kila mtu alipata kikombe na biskuti moja, kisha kopo likafungwa. Ndivyo ilivyo kisiwani: biskuti ya pili ni ya mtu wa nyumbani.

Aliyetunza vibao vya njia ni Meindert Rotgans, mgane ambaye kofia yake haikuwahi kuvuliwa mbele ya mtu. Kila Ijumaa aliurudisha mshale, kisha akapita kwa Neeltje kulalamika.

"Umegeuka tena."

"Upepo huo, bwana."

"Upepo wenye bisibisi?"

"Upepo wa siku hizi una kila kitu."

Meindert alikula biskuti yake polepole, maana alijua hapati nyingine.

Ijumaa moja akasema, "Kamati imechoka. Kesho naweka nguzo mpya. Mshale umechomelewa, na chini namwaga zege. Hapo upepo wako utanyoosha mikono."

Neeltje alicheka ili asionekane ameumia. Moyoni alikuwa ameshaanza kuwaaga wageni wake. Alisuuza kikombe kilichokwisha suuzwa.

Kesho yake hakutoka. Alimwona Meindert kwa mbali akichimba, akavuta pazia. Alasiri mlango ukagongwa. Wanawake wawili, mabegi mgongoni.

"Samahani mama, tuta liko wapi?"

Neeltje aliwaingiza jikoni. Alikwenda na viatu vyake vya ndani hadi njia panda. Nguzo ilisimama wima, zege limeshika, mshale umeelekea dirishani kwake. Meindert alikuwa amekaa kwenye toroli.

"Meindert, umekosea."

"Nimekosea, eh? Basi tena, zege halirudi kwenye mfuko."

"Na kamati?"

"Wavuke waje waone. Nitawaambia ni upepo."

Wakarudi jikoni. Kahawa ikamiminwa, biskuti moja kwa kila mtu, kopo likafungwa. Kisha Neeltje akalifungua tena, akalisogeza mbele ya Meindert. Wale wanawake nao wakanyoosha mikono.

"Ninyi tuta lenu liko kule," Neeltje akawaambia.

Meindert akavua kofia, akachukua ya pili.