Fundi Anayepima Mara Tatu

Fundi yule alikuwa na sharti moja: haugusi waya kabla ya kuupima, hata mwenye nyumba aape kwamba umeme umezimwa. Kwanza aliichomeka testa kwenye soketi yenye umeme, aone inawaka. Kisha alipima waya wenyewe, halafu akarudi soketini pale pale, asije akadanganywa na testa iliyokufa katikati ya kazi. Mkono wa kushoto ulikaa mfukoni muda wote, umeme usije ukapata njia ya kupita kifuani.

“Testa hiyo umeichumbia, fundi?” Katarina, mwenye nyumba, alimtania. Rilei, kile kiboksi kinachoizima pampu tangi likijaa, ilikuwa imeshalia tak. “Si imezima?”

“Pampu imezima, mama. Umeme bado umo.”

Akagusisha testa kwenye waya wa pampu. Ikawaka. Rilei ilikata nyutro, waya wa kurudisha umeme, na kuuacha waya wa moto, ule unaouleta, ndani ya pampu ambayo Katarina aliisafisha matope kila asubuhi, mikono imelowa, tangu masika. 

“Nani aliifunga hivi?” aliuliza Katarina, ambaye hakuwepo siku ya kufungwa.

“Mimi. Mvua ilikuwa inakuja, nikaharakisha. Sikupima nilipomaliza.”

Hakuinamisha uso. Alizima meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, akapima, akaupitisha waya wa moto kwenye rilei, akapima tena.  Kesho yake fundi alipita kila nyumba aliyofunga rilei msimu ule, Ifakara hadi Kisawasawa, akirudia maneno yale yale mlangoni. Nyumba zilikuwa kumi na moja. Tisa zilitafuta fundi mwingine.