Nyanya za Roshani

Pale karakanani walimwita Sponji. Jina lilitokana na kazi, si tabia, maana mwenyewe alikuwa mkavu kama ubao: mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na mkono mzito wa nyundo. Alikuwa fundi wa makochi. Ukimpelekea kochi lililolalia upande mmoja alilivua nguo, akalitoa utumbo wote, akakurudishia limekaa wima kama bwana harusi.

Aliishi na mama yake ghorofa ya tatu, vyumba viwili na roshani nyembamba ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mama alikuwa mkulima tangu ujana wake. Ugonjwa wa sukari ukamla mguu, ukakatwa chini ya goti, naye akaletwa mjini kwa binti yake. Alikuja na hasira zake zote. Hakuacha hata moja shambani.

"Mmenifungia juu kama kuku wa mayai," alisema kila asubuhi kwenye kiti chake cha magurudumu. "Udongo siuoni, mdudu simuoni. Nikifa mtanishusha kwa kamba?"

"Mama, kunywa chai."

"Chai yenyewe ina ladha ya bomba."

Basi bustani ile haikuanza kwa kupenda mimea. Ilianza kwa kutafuta namna ya kumnyamazisha mama. Jioni moja Sponji alipanda ngazi na droo ya kabati bovu begani. Akaitoboa matundu chini ili maji yasituame, akatandika vipande vya matofali, akajaza udongo aliouchanganya na pumba za mpunga usije ukaielemea roshani. Kisha akamwaga mbegu za mchicha. Mama alikuwa akimtazama tu.

"Hapo umepanda au umezika?"

"Nimepanda, mama."

"Umezibananisha kama wapangaji wa nyumba hii. Zitapumulia wapi? Nisogeze hapo."

Akasogezwa. Siku ile alikula akamaliza, na hakuisema chai.

Baada ya hapo kila kilichokuwa na tumbo kilipandwa kitu. Birika lililovuja lilipata mnanaa. Kapu la nguo lilipigwa turubai kwa ndani, likabeba vitunguu vya majani. Ndoo za rangi zilipandwa nyanya ndogondogo, zile za ukubwa wa gololi. Lakini kitu alichojivunia Sponji ni mifuko. Aliishona mwenyewe kwa mabaki ya ngozi bandia ya makochi, safu juu ya safu, akaitundika kwenye vyuma vya roshani kama mifuko ya koti. Chini ya kila mfuko aliweka kipande cha sponji, kikanywa maji asubuhi na kuyatoa kidogo kidogo jua likiwaka. Uzuri wa mifuko ile ulikuwa kwamba haikuchukua hata unyayo mmoja wa sakafu, na kiti cha mama kilipita bila kugusa kitu.

Hasira za mama hazikuisha, ila sasa zilikuwa na pa kwenda. Aliwatukana vidukari, akawatukana ndege, akaitukana pilipili moja iliyokataa kuzaa mpaka, kwa aibu nadhani, ikazaa. Majirani walipiga hodi kuomba jani la mnanaa wakatoka na jani na karipio.

Sponji alikuwa na kaka, mkubwa wake, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Bosi kwa sababu tangu utoto hakuwahi kucheza mchezo asiousimamia. Alifanikiwa, si uongo, na dawa za mama alizileta bila kukumbushwa. Lakini kila alipofika alisimama mlangoni pa roshani na kukunja pua.

"Dada, hili ni jalala au nyumba?"

"Onja nyanya," Sponji alimjibu.

Hakuonja.

Ikatokea binti wa Bosi akapata mchumba, na upande wa kijana ukataka kuja kumsalimia kwanza nyanya wa binti, yaani mama, kabla ya mazungumzo mengine. Bosi akapiga simu. Atakuja, akasema, kumpeleka mama hospitali akapimwe, na mke wake atasaidia usafi. Sponji alishukuru. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye: alishukuru, tena mara mbili.

Alasiri aliporudi kutoka kazini, harufu ya sabuni ilimpokea ngazini. Wifi yake alikuwa amesimama sebuleni, mikono ameikunja, akisimamia vibarua waliokuwa wakikausha sakafu. Roshani ilikuwa nyeupe. Vyuma vitupu, sakafu tupu, na viti viwili vya plastiki vimewekwa vikitazamana kama watu waliokosana.

"Wifi, vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Vilivyokuwa pale."

"Aa, yale makopo? Tumekusaidia kutoa. Umeona mwanga ulivyoingia?"

Sponji aliingia roshani, akagusa vyuma vitupu. Alikuwa bado ana mkoba begani mlango ulipofunguka, Bosi akaingia akisukuma kiti cha mama. Mama aliitazama roshani. Wote walingoja mvua ya matusi, hata wifi alirudi nyuma hatua. Mama hakusema neno. Alijisukuma mwenyewe mpaka chumbani, akafunga mlango.

Maisha yake yote Sponji hakuwahi kuona mama yake akikosa la kusema. Akashuka ngazi mbio hadi nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka. Droo ilikuwa imekanyagwa ikawa vijiti. Mifuko yake ilikuwa imechanwa kutoka kwenye vyuma kwa nguvu, pindo zimefumuka, na nyanya za kijani zimepondwa ndani ya maji machafu. Alipiga magoti akaanza kuchakura.

Bosi alimfuata, akasimama mbali kidogo kwa ajili ya viatu vyake.

"Usilie kwa mchicha bwana. Nitakununulia gunia zima."

"Silii. Siku ukiniona nalia, kimbia."

"Wageni wa heshima wanakuja. Ulitaka waseme mama yangu anaishi bandani?"

"Ungeniambia! Vitu hivi vinabebeka, kaka. Ndiyo maana nikavipanda kwenye vyombo. Ningevipeleka karakanani, wageni wakae, waondoke, nivirudishe. Mchana mmoja tu! Ulishindwa kufungua mdomo?"

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ukamtoa mama nyumbani asione."

"Alitakiwa kupimwa."

"Amepimwa?"

Bosi alitazama pembeni. "Foleni ilikuwa ndefu."

"Alikuwa wapi muda wote huu?"

"Kwenye gari. Dirisha lilikuwa wazi, usinitazame hivyo."

Sponji alisimama na ndoo iliyopasuka mkononi, na kwa kitambo hata yeye hakujua kama ataiweka chini au atamvalisha kaka yake kichwani. Watu husema hasira ni hasara. Hapa hasara ilikuwa imetangulia. Akaiweka chini taratibu, akampita bila kumgusa. Kesho yake karakanani alivua kitambaa cha makochi matatu ambayo hakuna aliyemwagiza, na mwenzake wa meza ya pili akahamishia cherehani yake karibu na mlango.

Siku ya wageni alipanga asiwepo. Mama ndiye aliyemzuia.

"Utabaki. Nivalishe nguo nzuri, halafu nipeleke roshani."

"Wageni watakaa sebuleni, mama."

"Mimi nimesema roshani."

Wakafika, watu wazima wenye adabu, wakavua viatu mlangoni, wakaketi. Bosi alikuwa akitabasamu kwa meno yote. Mama yake kijana, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akauliza, "Tumekuja kumsalimia nyanya. Yuko wapi?"

Kutoka roshani, amewapa mgongo, mama akajibu:

"Nyanya zote za nyumba hii zilitupwa jalalani juzi. Nimesahaulika mimi tu. Labda kwa sababu ya magurudumu, walidhani ni fanicha."

Mtu mmoja alianza kucheka akidhani ni utani, kisha akaona uso wa Bosi, akakohoa. Mama akageuza kiti, akawaeleza kila kitu bila kupandisha sauti: droo, birika, mifuko, na mchana alioshinda ndani ya gari akiambiwa foleni ni ndefu, huku akiona wagonjwa waliokuja nyuma yake wakitoka na dawa zao.

"Mwanangu ni mtu mzuri," alimalizia. "Ila anaona haya. Na mtu anayemwonea haya mama yake, mjue mapema kabla hamjaungana naye."

Yule mama wa kijana aliinuka, akaenda roshani, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki. "Mimi kwangu nimepanda kotimiri kwenye sinki bovu," alisema. "Inakauka kila mara. Wewe mimea yako ulikuwa unaimwagilia saa ngapi?"

Wakazungumza huko nje mpaka chai ikapoa. Uchumba haukuvunjika. Kilichovunjika ni kingine.

"Umemfundisha mama maneno!" Bosi alimfokea dada yake wageni walipoondoka.

"Mama huyu? Afundishwe maneno?" Sponji alisema. "Kaka, toka. Toka kabla sijasahau kuwa tulinyonya ziwa moja."

Wiki iliyofuata dereva wa Bosi alileta vyungu vya kauri, vyeupe, vinavyong'aa, vimepandwa mimea ya mapambo. Sponji alitaka virudishwe. Mama akasema chungu hakina kosa. Wakavigeuza: havikuwa na tundu hata moja. Mtu aliyevinunua hakujua kuwa mizizi nayo inazama. Sponji aliazima drili ya kazini akavitoboa kimoja kimoja, huku akilaani kwa sauti, na mama akimsaidia kulaani alipochoka.

Udongo ulihitajika. Mama akampigia Bosi simu, akamwambia aulete mwenyewe, si dereva. Akaja na shati lake la pasi, gunia begani, akapumzika kila ghorofa. Sponji alisimama juu ya ngazi akimtazama anavyotokwa jasho. Hakumpokea mzigo.

"Habari za kazi?" kaka aliuliza, akihema.

Akampisha njia.

Mama alimsamehe siku hiyohiyo, kwa njia yake, yaani alimtukana tangu anaingia mpaka anatoka, akamfungia na nyanya za sokoni za kupeleka kwake. Tangu hapo Bosi huja kila mwisho wa juma, humwagilia anakoambiwa amwagilie. Mifuko mipya imetundikwa, imeshonwa kwa uzi mnene zaidi. Sponji akisikia sauti ya kaka yake ngazini huchukua mkoba wake, akaenda karakanani hata kama ni siku ya mapumziko.

"Mpaka lini?" mama alimuuliza siku moja, hatua za Bosi zikisikika ngazini. "Mimi niliyetupiwa nimesamehe."

"Wewe ni mama yake. Ni kazi yako."

"Na wewe ni dada yake."

"Ndiyo," Sponji alisema, akivaa viatu. "Mimi bado nina hasira."

Akashuka kwa ngazi za nyuma.