Mwaka Tuliposhika Jembe Fizi

Asubuhi za Fizi zilinuka moshi uliokataa kupanda. Kule Baraka nilikozaliwa, moshi wa jiko ulikuwa kitu cha kupita tu. Upepo wa ziwa uliuchukua kabla mtu hajaanza kukohoa. Huku juu milimani ukungu uliufunika kama kifuniko kinavyofunika sufuria, nao ukabaki chini, ukitembea kati ya nyumba, ukiingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye bugali tuliousonga. Siku ya kwanza nilipoamka huko nilidhani nyumba inaungua. Nilitoka mbio miguu mitupu, nikakanyaga nyasi zenye umande, na baridi yake ikanipanda hadi magotini nikapiga kelele. Mdogo wangu Amisi akatoka nyuma yangu akilia bila kujua analilia nini. Mama alikuwa amechuchumaa mlangoni, amejitanda vitenge viwili, anapuliza kuni zilizolowa. Alitutazama, akacheka. "Hii njo baridi," akasema. "Muisalimie tu, sababu tutakala nayo." Kwetu kukala ni kukaa.

Tulikuwa tumefukuzwa na maji. Sisi watu wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, tumezoea kukimbia milio ya bunduki. Wazazi wetu walituzaa kati ya kukimbia kumoja na kwingine, na kila mtoto alijua ni kitu gani atabeba na mlango gani atatokea. Lakini maji hayapigi mlio. Mwaka ule ziwa lilipanda polepole, likala kwanza mchanga tulipoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kisha njia, kisha likaingia uani kwa jirani, na mwishoni likaja kwetu. Ukuta wa matofali mabichi ukalainika kama mkate ndani ya chai. Usiku wa dhoruba moja mtumbwi wa Baba, wa mbao nzuri alizozikusanya kwa miaka, ulikatika kamba ukapigwa na mawimbi hadi ukapasuka, na asubuhi tulimkuta amesimama katika maji ya kiuno, ameshika ubao mmoja, anautazama kama mtu anayesoma. Baba yangu alikuwa mtu wa hadithi na vicheko, lakini tangu siku ile maneno yake yakawa machache, na tulipohitaji kitu tulimuuliza Mama.

Muumini mmoja wa kanisa letu alikuwa na nyumba tupu Fizi, na nyuma yake kipande cha mlima ambacho hakuna aliyekilima tangu zamani. Akasema tukae humo bure, mradi tu tulime, kwa sababu huko juu nyumba isiyo na shamba huonekana kama imekufa. Kabla ya kuondoka ndugu walikutana. Shangazi Zabibu, dada mkubwa wa Baba, ambaye sisi wote tulimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile, akasema hatakubali damu yake ife njaa mlimani. Wakati wa palizi ukifika na sisi hatuna chakula cha kuonekana, atakuja kuchukua watoto: mimi nitakaa kwake Baraka, Amisi atapelekwa kwa mjomba aliyeko Lweba. Baba aliinamisha kichwa, akakubali. Mama hakukubali wala hakukataa. Aliendelea kufunga magodoro kwa kamba, na nilimwona akikaza fundo moja hadi vidole vyake vikawa vyeupe.

Nyinyi mnaoijua barabara ile mnajua kwamba kutoka Baraka hadi Fizi si safari ya kujisifia. Ukipata pikipiki nzuri na njia kavu, unafika kabla jasho la ziwani halijakauka mgongoni. Lakini kwangu mimi ilikuwa kama tumevuka mpaka. Asili yetu ni Ubwari, ile rasi iliyoingia ziwani, na nyumbani tulisema Kiswahili tu; huku watoto wenzangu walicheza kwa Kibembe, wakaimba kanisani kwa Kibembe, na mzaha wote ulikuwa kwa Kibembe, kwa hiyo nilikuwa nacheka nikiwa wa mwisho. Kule pwani tulilala kwa kuchelewa, milango wazi, watu wakisikiliza wavuvi wakiitana majini. Huku jua likigusa mlima kila mtu alijifungia na moto wake. Mama alikuwa na sauti ya ufukweni, ile ya kumsalimia mtu aliye mbali ndani ya mtumbwi. Wiki ya kwanza alipomsalimia jirani yetu kutoka uani kwetu, watu wawili walikuja mbio wakidhani kuna ugomvi. Na nguo! Baba alininunulia kwenye chagua, soko la mitumba, koti la kijani la mwanamume mzima, mikono yake ikinipita vidole, na shuleni wakaniita Polisi. Nililivaa hivyohivyo. Baridi haina aibu, na mimi nikaamua kutokuwa nayo.

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe siku ya kwanza, tatizo ni kwamba hatukujua kulishika. Baba alikuwa na sugu viganjani tangu ujana wake, lakini zilikuwa sugu za kasia na kamba, hazikuwa mahali ambapo mpini wa jembe unazitaka. Baada ya asubuhi moja viganja vyake vikatoka malengelenge kama vya mtoto. Mama naye, aliyeweza kukausha samaki hadi wakakaa mwezi bila kuoza, alikata majani badala ya mizizi. Tulilima hata hivyo. Amisi na mimi tuliokota mawe tukayapanga kando, tukitoka shule kabla ya kula, na jioni migongo yetu iliuma tukalala tumekunjana kama mbwa wadogo. Tukapanda maharage tuliyopewa kanisani. Nakumbuka jinsi nilivyokwenda kila asubuhi kuona kama yameota, na siku nilipoona vichwa vile vya kijani vimeinama, bado vimebeba maganda yao, nilikimbia kumwita Baba, naye akaja, akapiga magoti, akagusa kimoja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu ziwa litufukuze.

Kisha mvua kubwa ikaja. Tulikuwa tumechimba matuta kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ndivyo yalivyopendeza machoni petu, kama njia za kushuka majini. Mvua ikayafuata matuta yale kama barabara iliyotengenezewa. Ilipokatika, udongo wetu na maharage yetu vilikuwa vimelala bondeni, na mlima umebaki na makovu mekundu. Jirani yetu, Mama Nyassa, mjane mwembamba mwenye wana watatu, aliyelima upande wa pili wa mpaka wa mawe, alisimama akatazama, akacheka. Alicheka kweli, mkono kiunoni, na akamwambia mwenzake neno kwa Kibembe, naye akacheka pia. Nilitaka ardhi inimeze. Baba aliweka jembe begani akarudi nyumbani, na jioni ile akamwambia Mama kwamba atashuka Baraka kufanya kazi kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, na kwamba labda Yaya Zabibu, dada yake mkubwa, alisema kweli.

Mama hakubishana naye. Kesho yake alitoa kitenge chake cha sikukuu, kile cha ndege wa buluu alichokivaa siku ya ubatizo wa Amisi, akakikunja vizuri, akavuka mpaka wa mawe hadi kwa Mama Nyassa. Mimi nilimfuata. Akamwambia, kwa sauti yake ileile ya ufukweni: "Jana ulicheka. Leo unifundishe. Na unipe mbegu, kitenge hii itakuwa yako." Mama Nyassa alikitazama kitenge kwa muda mrefu, akakipapasa, halafu akakivaa palepale juu ya nguo yake ya shambani. "Mulima haitake haraka," akasema. "Maji ikishuka, unaikatia njia. Unalima hivi." Akanyoosha mkono wake kukata mteremko, toka upande huu hadi ule. Akaja na jembe lake, akachora tuta la kwanza mwenyewe, na kila tulipopinda alitupigia kelele kwa Kibembe mpaka tukajua maneno ya kukosea kabla ya maneno ya salamu. Baba alitazama kwa mbali. Siku ya pili akaleta kamba aliyookoa kutoka kwenye nyavu zake, akaivuta kati ya vijiti viwili, na matuta yetu yakanyooka kuliko ya mtu yeyote mlimani pale. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hakusema tena habari ya kushuka.

Tukapanda mara ya pili, tumechelewa. Mama Nyassa alituonya kwamba nyani watajua kabla yetu kwamba kuna kitu cha kula, kwa hiyo mimi na Amisi tukawa walinzi. Shule ilipofungwa mchana, tulikaa juu ya jiwe tukigonga bati na kuimba, nami ndani ya koti langu la Polisi nikajiona kweli nina cheo. Watoto wengine waliokuwa wakilinda mashamba ya kwao walijibu kutoka mteremko wa ng'ambo. Hapo ndipo nilipojifunza Kibembe, kwa kupiga kelele kutoka mlima hadi mlima, na sijui kama kuna shule iliyo bora kuliko ile. Wimbo wao mmoja ulitusema sisi, watu wa maji waliokuja kuvua maharage. Nilipouelewa nilikasirika, kisha nikaongeza ubeti wangu, kwamba watu wa milima wakija kuvua samaki watavua mawe. Kicheko kilichotoka ng'ambo siku ile kilikuwa cha kwanza kilichokuwa changu pia.

Maharage yalikuwa yametoa maua meupe, bila ganda hata moja, Shangazi Zabibu alipofika. Alikuja mchana, nyuma ya pikipiki, amejifunga kilemba kikubwa kwa ajili ya baridi, na mkononi ana mfuko mtupu wa kutilia nguo zetu. Nilipouona mfuko ule nikajua amekuja kutuchukua. Alitukumbatia, akagusa mashavu yetu, akasema tumekonda. Aliuliza tunakula nini, Mama akamwambia: majani ya muhogo tunayoyaita sombe, mihogo ya kupewa, siku nyingine uji. Shangazi akatikisa kichwa. "Tulipatana," akasema. "Mi siko mubaya. Minakuya kubachukua batoto." Mama akamwomba kwanza aje aone shamba. Tukapanda wote, Shangazi akiteleza na kulalamika, mpaka katikati ya matuta.

Akatazama huku na huku. "Hii njo chakula?" akauliza. "Mi naona majani na maua. Majani hailishe mutoto." Mama akafungua mdomo, lakini sauti iliyosikika ilitoka ng'ambo ya mawe. Mama Nyassa alikuwa amesimama, kitenge cha ndege wa buluu kiunoni, tope hadi magotini. "Mama, jambo," akamwita Shangazi. "Huku kwetu shamba yenye imetoa maua haiachwe. Na bale batoto njo balinzi ba shamba. Ukibabeba, nyani njo batavuna." Shangazi akasema kwa upole kwamba hii ni habari ya ukoo. Akamgeukia Baba. "Mudogo yangu, weye njo kichwa ya nyumba. Sema."

Baba alikuwa anapalilia. Hakuwa ameacha tangu tulipofika. Akasimama, akaegemea jembe. "Yaya," akasema, "mutumbwi nilipoteza sababu maji ilinikuta nimelala. Batoto sitabapoteza macho wazi. Kama ni njaa, tutaisikia pamoja. Batoto banabakia." Halafu akainama akaendelea kupalilia. Ukungu ulikuwa unaanza kushuka. Shangazi akaketi juu ya jiwe letu la ulinzi, akafuta uso kwa pembe ya kilemba, na nilidhani analia, kumbe anacheka. "Basi munipe jembe," akasema, "nisirudie Baraka bila kusema nililima mulima." Alikaa nasi siku kadhaa, akapalilia vibaya kuliko sisi wote, Mama Nyassa akimkaripia kama alivyotukaripia, na aliposhuka mfuko wake ulikuwa umejaa majani ya maharage aliyoyaomba mwenyewe kwa mboga.

Mavuno yale hayakuwa makubwa. Mtu wa Fizi angeyaita ya kuonja. Maganda yalikataa kukauka kwenye ukungu, tukayaning'iniza ndani juu ya moto, na nyumba nzima ikanuka kama sufuria. Lakini siku ya shukrani kanisani tulibeba kikapu chetu kama familia nyingine zote. Mhudumu aliita familia moja moja kwa majina ya mitaa na koo, na sisi akatuita wa mwisho: "Bageni ba Baraka." Mama akasimama, kikapu kichwani, mgongo umenyooka. "Tunakala hapa," akasema, na kwa sauti ile nadhani walimsikia hadi sokoni. Kanisa likacheka, kicheko chema, wanawake wakapiga vigelegele, na kwaya ikaanza kabla ya kuamriwa. Nimepata vyeti tangu siku ile, na nimepigiwa makofi. Sijawahi kutembea tena jinsi nilivyotembea nyuma ya Mama kwenda mbele ya madhabahu, mikono ya koti imekunjwa hadi kwenye viwiko.

Siku hizi nafundisha shule ya msingi Baraka, karibu na pale nyumba yetu ilipokuwa. Ziwa lilirudi nyuma kidogo, watu wakajenga tena, ingawa hakuna anayeliamini kama zamani. Baba alirudi majini miaka michache baadaye, akapata mtumbwi mwingine, na hushuka na kupanda kati ya ziwa na mlima apendavyo. Mama hakushuka. Nikipanda kumwona, nawaza kwamba wanafunzi wangu wa leo wangeshindwa kazi tuliyoifanya tukiwa wadogo kuliko wao, na wakati huohuo nafurahi kwamba hawalazimiki. Simtakii mtoto yeyote njaa ile. Ninachowatakia ni kuona, angalau mara moja, wazazi wao wakijifunza kitu kuanzia mwanzo, mbele za watu, bila kuficha malengelenge.

Mwaka jana Amisi aliposa msichana wa Fizi. Tulikwenda kwao tukiwa wachache, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya na ndugu wa pwani hawakufika. Wajomba wa msichana walipanga viti vya upande wao, vikajaa hadi nje ya uzio, kisha wakauliza, kwa adabu lakini kwa sauti ya kupima, upande wa kijana uko na wazee gani wa kumsemea. Baba alianza kusimama. Kabla hajanyooka, wana watatu wa Mama Nyassa, wanaume wazima wenye mvi, waliinuka kutoka upande wa wenyeji walikokuwa wameketi, wakabeba viti vyao, wakavuka ua, wakaviweka chini nyuma yetu. Mkubwa wao akasema, "Huyu kijana ni wa kwetu. Semeni na sisi."