Kumfuata Kabula Ziwani

Nilikwenda ziwani kumrudisha nyumbani mdogo wangu Kabula. Familia yake ilikuwa imehamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Lamadi, na huko, akiteka maji, mamba alimkata mkono wa kushoto. Habari zilipotufikia Kasoli, mama aliniambia, "Nenda ukamlete. Huku hakuna mamba."

Asubuhi nilipanda lori la pamba hadi Bariadi, kisha basi la kwenda Lamadi. Tulipita mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelundikwa kungoja moto. Baadaye ziwa likaonekana, jeupe kwa jua. Abiria wenzangu walichangamka. Mimi niligeuza uso.

Kijijini nyumba zilisimama kwa mistari, nyingine bado hazijaezekwa. Mume wa Kabula, Luhende, alinipokea kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila."

Kabula alikuwa chini, amebana kiazi kwa nyayo, anakimenya kwa mkono uliobaki.

"Usinitazame hivyo, kaka," alisema. "Kaa."

Tulipokuwa tukila alinisimulia. "Sisi tumezoea visima. Ziwa hakuna aliyetufundisha. Kila siku niliteka palepale, jua likizama, peke yangu, tena palepale watu wanapotupa matumbo ya samaki. Mamba alikwisha kunijua. Aliponishika nilimchoma jicho kwa kidole mpaka akaachia."

"Mama anakungoja," nilimwambia.

"Na wanangu wateke maji wapi?"

Nikasema watoto nao waje. Luhende aliinamisha kichwa. Kabula akaanza kuondoa vyombo.

Siku iliyofuata wanakijiji walikuwa wakijenga uzio wa magogo ndani ya maji, ili wanawake wateke na kuoga ndani yake. Nami nikaingia kusaidia. Maji yalitufika kiunoni; wengine walishika magogo, wengine waligonga. Kabula alisimama juu ya jiwe ufukoni. Alitazama maji tu.

Ghafla akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni wote!"

Mimi sikuona kitu. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Luhende alinivuta shati, tukakimbia, tukaanguka mchangani. Pale nilipokuwa nimeshikilia gogo, kichwa cha mamba kikainuka polepole, kikakaa, kisha kikazama.

Mwanamke mmoja aliketi chini akalia. Kabula alibaki juu ya jiwe, macho bado majini. Jioni ile sikumwomba tena aondoke.

Uzio ulipokamilika nikaaga. Njia nzima nilikuwa nayarudia mambo ambayo Kabula aliwafundisha wenzake: usiingie majini peke yako, wala giza likikaribia; usizoee mahali pamoja; samaki wasafishiwe mbali; na kabla ya kuinama, simama kwanza uyatazame maji, hata yakiwa kimya. Hasa yakiwa kimya. Mpaka leo, nikifika mtoni, nasimama kwanza.

Nilipofika Kasoli, mama alitazama nyuma yangu, barabarani.

"Amekataa?"

"Ana kazi kule, mama. Anawalinda watu."

Nikamsimulia yote. Kisha akauliza, "Kanga yake inafungwa na nani?"

"Anafunga mwenyewe. Kwa mkono mmoja na meno."

Mama alishika ncha ya kanga yake, akaitia mdomoni, akajaribu. Ikamponyoka. Akajaribu tena.