Kura Mbili, Kioo Kimoja

Jua halijapata nguvu. Wanawake wawili wanateremka barabara ya sokoni wakiwa wamebeba kioo kirefu kuwapita, mmoja mbele, mwingine nyuma. Wanatembea kwa hatua moja, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto, na hawasemezani hata neno.

"Hawa wamenuniana?" anauliza mama mmoja mgeni anayepanga nyanya zake.

Mwenye duka la jirani anacheka. "Ngoja wakiweke chini, utajua."

Hangoji sana. Mbele ya kibanda cha kinyozi kioo kinaegemezwa ukutani, vipande vya mpira wa tairi wanavyoshikia vinatolewa viganjani, na yule wa nyuma anaendelea na sentensi aliyoikatiza karakanani, kama vile hawakutembea njia nzima kimya.

"Ndiyo nikuulize, hiyo lami mnayojisifia, mbona imeishia getini kwa diwani?"

"Kwa sababu pesa iliisha pale," anajibu wa mbele, akijifuta jasho.

"Iliisha pale, au ilifika pale?"

Kinyozi anazima mashine asije akakosa jibu. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa hana haraka yoyote.

Mtaa mzima unawajua kwa majina ya utani. Wa mbele ni Katibu, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, Mwislamu asiyechezea swala, mtu wa chama kilichoko madarakani. Ukatibu wa tawi ameushika tangu mtoto wake wa mwisho alipokuwa anatambaa, na mtoto huyo sasa ameota ndevu. Wa nyuma ni Mlokole. Huyo anaimba kwaya, anafunga na kuomba kila Ijumaa, na ni mpinzani wa kutupwa. Wote wawili ni mafundi vioo: wanakata, wanabeba, wanapachika.

Alasiri ya leo tawi linakaa kumjadili Katibu. Ameambiwa achague kati ya cheo chake na Mlokole.

"Nimevaa nguo nzuri, umeona?" anasema, akiuweka ushungi wake sawa mbele ya kioo walichokibeba. "Wakinifukuza, wanifukuze nimependeza."

Walianza kama wafagizi. Karakana ilikuwa ya mzee mmoja mkali, na kazi yao ilikuwa kuzoa chenga za vioo sakafuni kabla hazijamchoma mtu. Siku moja wabebaji wawili waligombana na mzee wakaondoka, na dirisha la mteja lilikuwa likisubiriwa. Mzee akawatazama wafagizi wake kuanzia utosini mpaka kisiginoni, akasema, "Nyinyi mko urefu mmoja. Inueni."

Urefu, kumbe, ndio kila kitu. Kioo kikubwa hubebwa wima, na mabega yakipishana kinalalia upande mmoja. Hatua zikipishana kinaanza kutikisika katikati, na kikishaanza kutikisika hakuna dua. Wa mbele ndiye macho. Wa nyuma ndiye breki. Wanaelewana kwa mguno: mmoja kuna ngazi, miwili simama.

"Mume wangu nimeishi naye miaka yote hii na bado ananikanyaga tukitembea," anasema Mlokole. "Huyu hajawahi kunikanyaga."

Mzee alipozeeka akawaachia karakana kwa kodi ndogo. Kioo cha dirisha la kawaida kinawaachia faida ya mkate na sukari, kila mmoja na wake. Kazi ya duka zima inalipa ada ya shule. Kazi za aina hiyo huja mara mbili au tatu kwa mwaka, mwaka ukiwa na huruma.

Sheria yao ni moja tu: kioo kikiinuliwa, midomo inafungwa. Haikutungwa na mtu. Ilitokana na kosa, na kosa lilikuwa la Katibu.

Uchaguzi uliopita walikuwa wamebeba kioo cha saluni, wakibishana njia nzima kama kawaida yao ya siku hizo. Wakapita penye redio. Matokeo ya jimbo yakatangazwa, chama cha Katibu kimeshinda. Katibu akapiga kigelegele, na mikono yake, bila kumwomba ruhusa, ikapaa juu.

"Niliona mikono iko hewani na kioo hakipo," anamsimulia mwandishi wa habari hizi, na hapo sauti yake inashuka. "Nikageuka. Mwenzangu amekaa chini, ameshika mkono, damu inaruka. Furaha yote ikaniishia pale pale. Nilitamani tungeshindwa nchi nzima, wallahi, hata kama hupaswi kuliandika hilo."

Kilichokuwepo karibu ni khanga ya chama aliyojifunga kiunoni. Akaichana, akaukaza mkono wa mwenzake, akambeba mgongoni mpaka kituo cha afya.

Mlokole anapandisha mkono wa gauni kuonyesha kovu, limeanzia kwenye kiwiko na kuteremka karibu na kifundo cha mkono. "Nilifika kituoni nimefungwa uso wa mgombea niliyempigia kura ya kumkataa," anasema. "Muuguzi akaniambia, hongera mama, mmeshinda. Nikazimia."

Yeye anasema alizimia kwa damu. Katibu anasema alizimia kwa hasira. Suala hilo nalo halijamalizika.

Mwandishi wa habari hizi alifika karakanani akiwa na wazo lake zuri kwamba amekuja kuandika juu ya watu waliomaliza tofauti zao. Katibu alimwahi.

"Sisi hatujakubaliana. Liandike hivyo hivyo. Huyu ananiambia usoni kwamba nikifa hivi nilivyo nitaungua."

"Utaungua," Mlokole anathibitisha bila kuacha kusugua ukingo wa kioo.

"Na mimi namwambia, wewe ndiye utakayeungua, shoga yangu. Unafikiri napenda kumwambia? Naumia. Lakini nikinyamaza, nitakuwa rafiki gani?"

Adhuhuri ikifika Katibu anatandika mkeka wake nyuma ya rafu ya fremu, na Mlokole anasimama mlangoni kuwazuia wateja wenye kelele. Ijumaa, Mlokole akiwa amefunga, Katibu hali chochote mbele yake, ila humwambia kwamba mfungo wa kuanzia asubuhi mpaka saa tisa mchana ni kuchelewa kula tu.

Matata yalianza pale tawi lilipoamua kujenga ofisi mpya. Ramani ilikuwa na ukuta mzima wa vioo kwa mbele, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Mwenyekiti akampa Katibu kazi hiyo mbele ya watu, wakampigia makofi. Kisha akamvuta pembeni.

Kazi ni yake, aliambiwa, ila yule mpinzani asikanyage pale. Vijana wa chama wapo, watamshikia upande wa pili. Halafu, kwa kuwa uchaguzi unakaribia, ingependeza pia avunje kabisa ushirika wake wa karakana, maana wanachama wanauliza maswali.

Mumewe, fundi baiskeli mwenye maneno machache, alimsihi akubali. Paa lao linavuja, na mtoto mmoja yuko chuoni. "Ni siku chache tu, mama watoto," alimwambia. "Mlokole mwenyewe ataelewa."

Na kweli Mlokole alielewa, tena upesi mno. Alikuja asubuhi akasema, "Katibu, kubali. Mimi nitajifanya naumwa mgongo."

"Siku hiyo ndiyo siku pekee nimetaka kumzaba kofi," anasema Katibu. "Nimfiche mtu aliyenishikia kioo miaka yote hii kama nawaficha watu chupa ya pombe? Mimi nina aibu gani naye? Nikamwambia, mgongo wako mzima, nenda kachukue puti ya kugandishia vioo tuendelee na kazi."

Akarudi kwa mwenyekiti, akamwambia vioo vya ofisi atavipachika yeye na mwenzake, au watafute fundi mwingine. Wakatafuta fundi mwingine. Kisha wakaitisha kikao.

Upande wa pili nako hakukuwa shwari. Mchungaji wa Mlokole alihubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya marafiki wanaozima taa ya mtu, macho yake yakiwa kwenye safu ya kwaya. Baada ya ibada ya pili Mlokole alimfuata mlangoni. "Nilimuuliza, mchungaji, siku ile navuja damu barabarani, wewe ulikuwa wapi?" anasema. "Hajahubiri tena jambo hilo. Sasa anahubiri unyenyekevu."

Kikao cha tawi kinafanyika kwenye chumba cha kukodi nyuma ya mashine ya kusaga. Viti ni vya plastiki, unga umetanda hata kwenye picha za viongozi ukutani. Mwandishi anaruhusiwa kusimama dirishani.

Mwenyekiti anazungumza kwa upole. "Mama, hakuna anayekwambia umchukie. Weka umbali tu, mpaka uchaguzi upite."

Katibu anasimama.

"Mwenyekiti, nimezunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chama hiki nikiwa na mimba ya miezi minane. Nimebandika picha mpaka gundi ikanichubua vidole. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja kioo nabeba na nani. Kura yangu mnayo, na mwaka huu nawapa tena. Lakini nani awe rafiki yangu, hilo sikuliona kwenye masharti ya uanachama."

"Anampa siri zetu!" sauti inatoka nyuma.

"Siri gani, kaka yangu? Kwamba ofisi ina vioo mbele lakini choo hakina mlango?"

Chumba kinaangua kicheko, hata mwenyekiti anajifuta mdomo. Lakini kucheka ni kucheka, na kura ni kura. Mikono inainuliwa. Baadhi inainuka nusu, wenyewe wakiangalia sakafu. Inatosha kumtoa.

Katibu anafungua mkoba, anatoa muhuri wa tawi na kuuweka mezani taratibu. "Wino uliisha zamani," anasema. "Nilikuwa nanunua mwenyewe."

Kisha anatoka, kichwa juu.

Mlokole yuko ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka la dawa. Amesimama hapo tangu kikao kianze. Anavuka bila kutazama pikipiki.

"Vipi?"

"Wamenitoa."

Na hapo ndipo Katibu analia, katikati ya njia, ushungi wake mzuri ukilowa. Si kwa ajili ya cheo, atasema baadaye. Ni kwamba mikono mingine aliyoiona juu ni ya watu aliowazika wazazi wao pamoja nao.

Mlokole anapandisha sauti. "Chama gani hicho cha ovyo! Wana katibu kama wewe, wanamtupa? Ndiyo maana nasema siku zote, hicho chama ni..."

"Ishia hapo hapo," anakatiza Katibu, machozi bado yakimtiririka. "Usinitukanie chama changu. Waliokosea ni watu."

"Na chama ni nini, ni miti?"

"Nimesema usikitukane!"

Wanarudi karakanani wakibishana kwa sauti inayofungua madirisha ya watu, Mlokole akiwa amemshika kiwiko asijikwae.

Siku mbili baadaye mtaa umeshaanza kumwita Katibu kwa jina la mwanawe, na wenye ulimi wamempachika jina la Mstaafu. Mlokole hataki kusikia. Mteja mmoja aliyekosea alirudishiwa fremu yake na kuambiwa akajifunze kwanza kuita watu. "Mimi chama chake sikitaki," anasema Mlokole, "lakini katibu wao ni huyu. Hao wengine hawajui hata kuandika kumbukumbu."

Mume wa Katibu naye amebadilika. Ameacha kulitaja paa. Jana alipita karakanani na baiskeli ya mteja, akasimama mlangoni, akamwambia Mlokole, "Shemeji, jioni mje wote mle nyumbani."

Uchaguzi wa ndani wa tawi uko miezi michache mbele. Katibu ameshachukua fomu. Si ya ukatibu.

"Ya uenyekiti," anasema, akiburuza kikatio juu ya kioo, ule mlio wake mwembamba ukimsindikiza. "Katibu kazi yake ni kuandika wanayosema wengine. Safari hii nataka kukaa pale mbele. Nikishinda, mwanachama wa kwanza atakayeletwa kwangu kwa kosa la kuwa na rafiki, nitamwambia akae, anywe maji, aende nyumbani. Nikishindwa, nitachukua fomu nyingine."

Anaweza kushindwa. Analijua hilo. Mwenyekiti ana watu, na mikono iliyoinuka nusu siku ile inaweza kuinuka tena.

Mlokole si mwanachama, kwa hiyo hana kura ya kumpa. Anasema hata angekuwa nayo angefikiria mara mbili. Lakini kuna jambo lingine analofanya.

"Kila asubuhi napiga magoti kwa ajili yake," anasema. "Nasema, Bwana, mpe mwenzangu hilo tawi, wamemwonea. Halafu nasema, Bwana, akishalipata, chama chake kianguke nchi nzima."

Katibu anagonga kioo kwa ncha ya kidole, na kinakatika sawasawa palipochorwa. Hainui kichwa.

"La kwanza, amina," anasema. "La pili, naomba usisikilizwe."