Mguu Uliopotea Stendi

Tangu Xavery aumwe na nyoka aina ya kifutu shambani kwao Goweko na kukatwa mguu chini ya goti, mkewe Consolatha ndiye aliyekuwa mkongojo wake. Alipopata mguu bandia, mwanamume yule alichangamka upya: akarudi kwenye tumbaku, na Jumapili akaenda misa bila kushikwa mkono. Mguu ulipolegea waliupeleka Dodoma kutengenezwa, na mafundi wakaurudisha kwa basi.

Consolatha akaufuata Tabora mjini. Lukumani, kijana wa ofisi ya mizigo, hakumtazama usoni. "Mama, mzigo wako haujafika."

Consolatha akatoka, akaketi kwenye banda la Bi Sheima, muuza chai wa pale stendi. Alipomwamkia tu, machozi yakamtoka.

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hapana, bibi. Mguu wa mume wangu umepotea. Ule wa bandia."

Bi Sheima akatua birika. "Wa kushoto?"

Jana yake alikwenda jalalani kumwaga majivu, akaona boksi limechanwa na mguu umelala juu ya maganda ya ndizi. Wapita njia walicheka. Wengine walisema ni uchawi, wakatema mate. Yeye aliuosha, akauviringisha kwenye kanga yake, akauweka chini ya meza.

"Nilisema, mwenyewe huko aliko amekaa tu, hana pa kwenda."

Consolatha akamkumbatia, chai ikapoa.

Wakaenda polisi pamoja. Lukumani alikiri: alidhani ndani mna simu, alipoona mguu akaingiwa na hofu, akautupa jalalani. Mahakamani alijitetea kwamba hakuchukua chochote. Hakimu akamwambia kuwa kufungua tu mzigo wa mtu bila idhini yake ni kosa, tena yeye alikabidhiwa autunze. Xavery akasimama kumwombea huruma. Kijana akafungwa miezi sita. Hakimu akasema bila ombi lile angekaa zaidi.

Walipotoka, Xavery alikwenda moja kwa moja bandani, na dumu la asali ya nyuki wake mkononi.

"Baba, mimi niliokota tu," Bi Sheima akakataa.

"Walioupita ni wengi, mama," Xavery akasema. "Pokea."

Akapokea, akawamiminia chai. Jumapili ile, kanisani Goweko, Consolatha aliomba sala kwa ajili ya Mwislamu mmoja wa mjini, na wote wakaitikia amina.